Kidole cha Mwisho Kilivyoliteka Dirisha Namba Tatu

Sogeeni, enyi wenye majembe begani na udongo kwenye kucha! Sogeeni, enyi mliozaliwa na migongo ya kuinama na viganja vya kuchubuka! Zimeni redio. Teremsheni sufuria mekoni, maana habari hizi ni ndefu na sitaki kulaumiwa kwa maharage ya mtu. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe sasa hivi, si katikati ya vita. Ninawaletea kisa cha siku ile kuu ambayo Mama Visiki, binti wa wakulima na mjane wa mkulima, mng'oaji wa visiki ambavyo ng'ombe wawili walikuwa wamevikatia tamaa, alisimama mbele ya Dirisha Namba Tatu la ofisi ya kilimo na kupigana na mashine yenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, namba arobaini na mbili, na miguu yangu iliyovimba ni shahidi.

Vita vyote vina chanzo, na chanzo cha hivi kilikuwa mbolea. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku. Kila mkulima aliyeandikishwa angetumiwa fedha kwenye simu yake, za kutosha mifuko miwili ya mbolea na mmoja wa mbegu, kwa sharti moja: afike ofisini, aweke kidole kwenye mashine, na mashine ikiri kwamba mtu huyu ndiye yeye. Taa ikiwaka kijani, fedha zinaingia. Ikiwaka nyekundu, chukua kikapu chako urudi ulikotoka. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Ambaye hakutambuliwa Ijumaa angesubiri msimu mwingine.

Na kwa Mama Visiki msimu mwingine ulikuwa mbali kama mwezi. Kwa maana mdogo wa marehemu mume wake, bwana mmoja mnene wa shingo ambaye sisi sote tunamwita Msimamizi kwa sababu hajawahi kufanya kazi bali kusimamia wanaoifanya, alikuwa ameshaukalisha ukoo na kupitisha neno. Shamba lolote la ukoo ambalo mvua ya kwanza italikuta halijapandwa, litakodishwa kwa mtu wa miwa kwa miaka mitano. Mashamba ya ukoo yapo sita. Lisilokuwa na mbegu ni moja. Hapo hakuna haja ya kupiga hesabu.

Alhamisi jioni Msimamizi alikuja mpaka uani kwa Mama Visiki, akaketi kwenye kiti kizuri bila kukaribishwa, akanena.

"Shemeji, mimi sina ubaya na wewe. Lakini mawingu unayaona."

"Nayaona, shemeji."

"Mimi nilienda Jumatatu. Niliweka dole gumba mara moja tu, mara moja, shemeji! Kijani. Mashine ile si mchezo. Inamjua mkulima."

"Basi na mimi itanijua."

"Watu wote waliokwenda Jumanne na Jumatano wamerudi na nyekundu," akasema Msimamizi, akijisugua magoti kwa raha. "Kesho mtu wa miwa atapita na futi yake. Kupima tu, usihofu."

Akanywa chai, akaomba na nyingine, akaondoka. Mama Visiki akabaki ameshika birika. Mimi nilikuwa nimekwenda kuazima ungo, nikamwona. Hakulia. Akaenda ghalani kwake akatazama mahali pa kuweka mbolea, akapafagia.

Basi kulipopambazuka Ijumaa, jeshi likatoka. Tulikuwa hamsini na kitu, wake kwa waume, wenye vitambulisho vilivyofungwa kwenye nailoni na simu zilizofungwa kwa mpira. Mbele alikwenda Mama Visiki, gauni lake la maua limepigwa pasi, kanga kiunoni kama mshipi wa vita. Nyuma yake alikwenda Babu Redio, mzee ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona bila redio yake mkononi, ikiwa na betri au haina. Tulivuka daraja la mbao. Tulivuka tope la sokoni. Mmoja wetu alipoteza kandambili, tukamwacha, maana vita havimsubiri mwenye kiatu kimoja.

Ngome ya adui ilikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa kutoka juu hadi usawa wa kiuno na ya kijani kuanzia hapo kushuka chini, na mlango wa nondo za chuma zenye uwazi, na mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa na rungu moja na neno moja. Neno lake lilikuwa: "Mstari!" Alilisema tulipofika, alilisema tulipokuwa tumeshapanga mstari, na alilisema kwa mbuzi aliyekuwa anapita. Ndani kulikuwa na ukumbi mwembamba, mabenchi mawili, kalenda ya mwaka juzi, na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya ugali: MKULIMA AWEKE DOLE GUMBA LA MKONO WA KULIA. Na mwisho wa ukumbi, nyuma ya vioo, ndipo alipoketi karani mkuu wa Dirisha Namba Tatu, mwenye kalamu tatu mfukoni na kikombe cha chai kisichopungua, ambaye watu walimwita Bwana Mwongozo. Kila ukimuuliza jambo anajibu, "Mwongozo unasema," kisha anakwambia usichotaka kusikia.

Na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, imelala mashine. Nyeusi. Jicho moja la kioo. Kimya kabisa. Mimi nimeona nyoka nisiowaogopa kama nilivyoiogopa ile mashine.

Wakaanza kuanguka mashujaa. Wa kwanza, nyekundu. Wa pili, nyekundu. Fundi wa matofali mwenye kifua kama kabati, anayebeba mifuko miwili ya saruji akipiga mluzi, aliweka dole gumba lake pale kwa majivuno, mara tatu akakataliwa, akatoka akijifuta macho na kusingizia vumbi. Kila mtu alikuwa na majaribio matatu. Ukishindwa mara tatu mashine inakufungia hadi siku ya pili, na siku ya pili haikuwepo.

"Ni majembe," alieleza Bwana Mwongozo, akikoroga chai. "Majembe yamewafuta alama. Mwongozo hausemi tufanye nini na watu waliofutika."

"Sisi hatujafutika," akasema Babu Redio. "Tupo hapa, tunanuka jasho."

"Mstari!" akasema mlinzi.

Saa sita ikafika zamu ya Mama Visiki. Akapiga hatua mbili, akaweka kitambulisho juu ya meza, akalinyanyua dole gumba lake la kulia, akalitazama, akalihutubia kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia.

"Dole gumba, nisikilize. Wewe ndiye uliyepukuchua magunia tisa ya mahindi mwezi uleule niliomzika mume wangu. Wewe umechomwa na mwiba, na moto, na mdomo wa bata, na hukuniangusha. Leo nakuomba sekunde moja tu. Lala hapo, utulie."

Likalala. Likatulia.

Nyekundu.

Ukumbi mzima ukatoa pumzi. Na hapo, ndugu zangu, ushauri ukamiminika kama mvua ya mawe, kwa maana wanadamu wakishindwa wenyewe huwa mafundi wa kumshauri mwingine. "Kisugue kwenye nywele!" "Kiweke kwapani kipate joto!" "Lamba!" "Usilambe, kuna umeme!" Bwana Mwongozo mwenyewe akatoa pamba yenye spiriti. Mama Visiki akalisugua dole gumba mpaka likang'aa kama kijiko cha wageni, akalipuliza, akaliweka mara ya pili.

Nyekundu.

"Limebaki jaribio moja, mama," akasema Bwana Mwongozo, na nakiri hakulisema kwa ubaya.

Mama Visiki akauvuta mkono wake nyuma polepole, kama mtu anayeokoa kitu kutoka kwenye makaa. Mtu wa miwa alikuwa shambani saa hiyohiyo na futi yake, na sisi sote tulilijua hilo. Kisha, kabla hajaamua, umeme ukakatika. Jicho la mashine likafumba.

"Jenereta!" akaita Bwana Mwongozo.

Mlinzi akaweka rungu chini na kwenda nyuma ya jengo. Tukasikia kamba ikivutwa mara kumi, mara ishirini. Tukasikia maneno ambayo sitayarudia. Tulikaa sakafuni, wengine wakasinzia. Mama Visiki alibaki amesimama, hakutaka gauni lipate mikunjo. Hatimaye, saa nane kasoro, jenereta likakohoa na kunguruma, na mlinzi akarudi mlangoni akiwa na mikono miwili myeusi ti kwa oili hadi kwenye viwiko.

Mlango ulikuwa umejifunga. Akasimama mbele yake, akaitazama mikono yake, akautazama mlango uliopakwa rangi mwezi huo. Kisha akafanya jambo dogo kabisa, jambo ambalo mimi na wenzangu arobaini tulilitazama bila kuliona. Akanyoosha kidole cha mwisho, kile kidogo cha pembeni, ambacho peke yake hakikuwa na oili, akakipitisha kwenye komeo, akafungua.

Mama Visiki akapiga kelele.

"Ghala!"

Tukaruka wote. Babu Redio akaangusha redio, jambo lisilowahi kutokea.

"Ghala!" akarudia, akitugeukia. "Jamani, mmesahau? Siku ya kuandikishwa! Bwana Shamba alitukuta wapi?"

Na hapo, enyi wasikilizaji, pazia likapasuka akilini mwetu sote. Kwa maana miezi kumi iliyopita, siku ambayo Bwana Shamba alikuja na pikipiki na mashine ya kutuandikisha, kijiji kizima kilikuwa kwenye ghala la ushirika, nguzo ishirini na nne, watu wawili watatu karibu kila nguzo, tukipaka oili chafu kuzuia mchwa. Tulikuwa weusi mpaka masikioni. Bwana Shamba alitazama mikono yetu, akaikumbatia mashine yake kama mtoto mchanga, akasema: "Hii ni mali ya serikali. Kidole chenye oili sitaki. Kila mtu alete kidole safi, chochote, mradi kiwe safi." Tukatoa tulivyokuwa navyo. Akaandika, akaondoka, akahamishwa wilaya nyingine, na sisi tukarudi kupaka. Nani akumbuke kidole miezi kumi?

"Kwa hiyo dole gumba langu halijafutika," akasema Mama Visiki. "Halikuandikwa."

"Mwongozo unasema dole gumba," akasema Bwana Mwongozo.

"Mwongozo haukupaka nguzo."

Karani akageuka. Akatazama karatasi ukutani kana kwamba itamsaidia. Karatasi haikusema kitu.

"Mama, una jaribio moja. Vidole unavyo kumi. Ukikosea, mimi sina la kufanya, nakwambia mapema."

"Naazima rula yako. Na kikombe."

"Kikombe changu?"

"Nitakurudishia."

Sasa tazameni alichofanya shujaa huyu, kwa maana wengi wana nguvu lakini wachache wana utaratibu. Alishika kikombe cha chai mkono wa kushoto, kama kopo la oili. Alishika rula mkono wa kulia, kama brashi. Akaliendea kabati la mafaili lililosimama kando ya dirisha, akaanza kulipaka. Juu, chini. Juu, chini. Akachovya rula kwenye chai ya serikali, akapaka tena. Alifumba macho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeko ghalani, na nusura mimi ninuse oili. Hakuna aliyecheka. Mlinzi alisahau kusema mstari.

Kisha akasimama ghafla, mkono ukiwa hewani, akafumbua macho. Akaanza kuvikagua vidole kama jemadari anayekagua askari wake asubuhi.

"Huku kwa kushoto kopo linavuja, mkono mzima mchafu. Nyote tokeni. Kulia: dole gumba limebana brashi, chafu. Cha shahada kimebana, kichafu. Cha kati, kichafu. Cha pete, oili inakiteremkia."

Akaisogeza rula karibu na macho. Kwa maana pale pembeni, kimenyooka mbali na wenzake, kimepinda kidogo kama mpini wa kijiko, kimesimama juu ya rula bila kuigusa, alikuwepo mwanajeshi wa tano. Yule asiyeshika jembe. Asiyesaidia kukamua, asiyefunga fundo, anayekwenda na wenzake kila kazi na kusimama kando.

"Wewe," akasema Mama Visiki kwa upole. "Miaka yote hii nilidhani wewe ni mvivu."

Akairudisha rula. Akarudisha kikombe, nusu. Akajifuta kwa kanga. Akasogea kwenye mashine, na kidole cha mwisho kikashuka juu ya lile jicho kama ndege mdogo anavyotua juu ya kichwa cha mamba.

Tulisubiri. Jenereta lilinguruma. Nilihesabu moja, mbili, tatu.

Kijani.

Kijani, jamani! Kijani cha majani ya mahindi ya wiki tatu! Simu ya Mama Visiki ikalia kifuani mwake, ujumbe umeingia, fedha zimeingia, na yule mwanamke ambaye hakulia mbele ya Msimamizi, wala mbele ya nyekundu mbili, aliketi kwenye benchi akalia kwa dakika nzima, gauni likapata mikunjo yote.

Bwana Mwongozo akasimama. Akauendea ukuta, akaibandua ile karatasi, akaikunja. "Anayefuata," akasema, "na ajue kidole chake kabla hajafika hapa."

Basi mngeuona ukumbi! Watu arobaini wanapaka hewa. Mmoja amechutama anapaka chini, mwingine ananyoosha mkono kupaka juu, wake wanasahihisha waume. "Wewe ulishika brashi kwa mkono wa kushoto, usinidanganye, mimi ndiye niliyefua shati." Waliofungiwa asubuhi walilia wafunguliwe. Bwana Mwongozo akapiga simu makao makuu, akasema maneno makali ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote, na wakafunguliwa. Fundi wa matofali akapita kwa kidole cha mwisho. Mimi nikapita kwa cha pete cha kushoto, msiniulize nilishikaje brashi. Babu Redio akapita kwa dole gumba la kushoto, kwa sababu siku ya ghala mkono huo ulikuwa umeshika redio.

Ni yeye, Babu Redio, aliyeuliza swali.

"Subirini kwanza. Nani alipita Jumatatu kwa dole gumba la kulia? Mara moja tu?"

Brashi zote za hewani zikasimama. Maana dole gumba la kulia lilikuwa safi kwa mtu mmoja tu siku ile, naye ndiye aliyeapa mbele yetu sote kwamba nguzo ya ishirini na nne, ile ya pembeni, aliipaka peke yake asubuhi, kabla Bwana Shamba hajafika. Kwa kiapo hicho akapewa kona bora ya ghala, isiyovuja. Na nguzo hiyohiyo, mwezi jana, tuliikuta imeliwa na mchwa mpaka unaweza kuingiza ngumi, tukalaumu oili.

Saa kumi jeshi likarudi. Mkokoteni mmoja ulibeba mifuko mitatu aliyoinunua Mama Visiki, na nyuma yake sote tukaandamana. Tulimkuta Msimamizi katikati ya shamba, mikono nyuma, akimsimamia mtu wa miwa aliyekuwa anavuta futi.

"Shemeji!" akasema, akaiona mifuko. Akaihesabu mara mbili.

"Ulisema kweli, shemeji," akajibu Mama Visiki. "Mashine inamjua mkulima. Hebu tuonyeshe lile dole gumba lako."

Akalionyesha. Kwa mazoea tu, nadhani, na kwa fahari. Jeupe, laini, kucha safi. Watu arobaini wakalitazama. Kisha Babu Redio akainama, akachukua mkokotenini kopo la oili alilokuwa amelipitia ghalani, na brashi juu yake, akaviweka miguuni pa Msimamizi, na oili ikaruka kidogo ikamdondokea kiatuni.

Mtu wa miwa si mjinga. Akakunja futi yake, akatuaga vizuri, akaenda zake.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasome, kwamba huu ndio Mwaka wa Kidole cha Mwisho. Mvua ya kwanza ilishuka Jumapili, nayo ilikuta mahindi ya Mama Visiki yameshafukiwa, mistari imenyooka kama imepigwa na rula ya serikali. Na Jumamosi, kuanzia asubuhi hadi jua kutua, nguzo ya ishirini na nne ilipakwa upya, juu na chini, mara mbili. Tulikaa kwenye mabenchi tukamsimamia Msimamizi. Alipomaliza tulimwambia anyooshe mikono, na vidole vyote kumi vilikuwa vyeusi.